Magma: lugha gani ile, na uanzie albamu ipi

Ukiisikia Magma ikiimba, unaweza kudhani ni Kijerumani. Hapana, si Kijerumani. Ni Kikobaia, lugha aliyoibuni Christian Vander, mpiga ngoma na mwanzilishi wa Magma, bendi ya Ufaransa iliyoanza 1969. Kobaïa ni sayari ya kubuni. Albamu yao ya kwanza (1970) inasimulia watu wanaoihama Dunia kwenda kuishi huko. Konsonanti zile nzito ndizo zinazodanganya sikio.

Pa kuanzia: usianze na hiyo ya 1970, ni ndefu na ina jazi nyingi. Nenda moja kwa moja kwenye Mëkanïk Dëstruktïẁ Kömmandöh ya 1973. Kwaya na ngoma zinarudia kifungu kilekile, kila mara zikiongeza nguvu kidogo, mpaka unashtukia umeshanaswa. Mara ya kwanza mimi niliizima dakika ya kumi hivi, nikaona ni kelele za wazimu. Kilichonirudisha ni Live/Hhaï ya 1975: ni ya jukwaani, ina hewa zaidi, na fidla ya Didier Lockwood inakupa kitu cha kushika.

Ila usihangaike kutafuta tafsiri ya kila neno. Vander aliona Kifaransa hakibebi muziki aliokuwa akiusikia kichwani, kwa hiyo maneno yalikuja pamoja na sauti. Isikilize kama ala nyingine tu. Na kama unamjua John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi kutoka Marekani, hasa muziki wake wa miaka ya mwisho, nusu ya safari umeshaimaliza; Vander ni mfuasi wake wa kufa na kuzikana.