Cheche imetokea wapi? Kutumia faiba kusaka hitilafu za umeme ndani ya ndege

Breka ya kawaida ya ndege, yaani swichi inayokata umeme yenyewe, hukatika pale mkondo uliozidi unapoipasha moto. Tatizo ni kwamba cheche haizidishi mkondo kila mara. Ikitokea kwenye temino (kiungio cha ncha ya waya) iliyolegea, mkondo hupungua badala ya kupanda, na breka inatulia tu. Nyaya mbili zilizochubuka zikigusana, mkondo hupanda sana, lakini kwa vipindi vya milisekunde ambavyo haviipi breka muda wa kupata moto. Swissair 111, ndege ya abiria aina ya MD-11 iliyoanguka karibu na Peggy's Cove, Kanada, tarehe 2 Septemba 1998 na kuua watu wote 229, ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Wachunguzi walihitimisha kwamba moto yaelekea ulianzia kwenye cheche za nyaya juu ya dari ya chumba cha marubani, na kwamba breka za aina ile hazikuweza kukinga kila aina ya cheche.

Breka za kielektroniki zinazotambua cheche zimesaidia, ila zinakwambia ni sakiti gani, si mahali gani. Na sakiti moja inaweza kupita nyuma ya paneli kumi. Ndege ikishatua, mtikisiko umekwisha, nyaya zimetulia, kipimo hakionyeshi kitu. Mwanga wa cheche unaonaswa palepale inapotokea ndio unaokuokoa hapo, na wa kuunasa ni faiba, uzi mwembamba unaopitisha mwanga, uliopitishwa karibu na nyaya. Umuhimu huu unaongezeka kwenye ndege kama Boeing 787, ambazo Kenya Airways na Air Tanzania wanazo: zina volti 230 za AC (mkondo geu) na ±270 za DC (mkondo mnyoofu). Mkondo wa AC wa hezi 400, kwa mfano, hupita sifuri mara 800 kwa sekunde, na kila mara cheche hupata nafasi ya kuzimika. DC haina nafasi hiyo.

Usinunue faiba ya mawasiliano kwa kazi hii. Mwanga unaoingia kwa ubavuni kwenye faiba safi ya kioo hutokea upande wa pili. Chukua faiba yenye rangi inayong'aa: rangi hufyonza mwanga wa cheche, kisha hutoa mwanga wake ndani ya faiba, na sehemu yake husafiri kuelekea ncha zote mbili. Weka fotodayodi, kihisi kinachogeuza mwanga kuwa umeme, kila ncha. Faiba hii hupoteza mwanga mwingi kwa kila mita, na huo upotevu ndio unaokupa umbali.

Hesabu ni hii. Chukua faiba ya mita 8 inayopoteza desibeli 1.5 (kipimo cha upungufu wa mwanga) kwa mita. Ncha A imesoma desibeli 6 zaidi ya ncha B. Gawanya 6 kwa mara mbili ya 1.5, unapata 2: cheche iko mita 2 kutoka katikati kuelekea A, yaani mita 2 kutoka ncha A. Ukali wa cheche hauingii kwenye hesabu, maana unagusa ncha zote sawa. Kinachoingia ni uchafu: konekta moja ikipoteza desibeli 0.6 kwa vumbi, jibu linahama sentimita 20. Safisha ncha kila unapofungua konekta, hata kama inaonekana safi.

Usiamini namba ya upotevu iliyoandikwa na mtengenezaji. Faiba ikishafungwa ndani ya ndege, imulike kwa tochi ya UV (miale ya urujuanimno) kila sentimita 50, andika uwiano wa ncha mbili, utumie jedwali hilo. Kona kali zitajionyesha zenyewe hapo.

Ncha zote zisomwe kwa wakati uleule, na utoe kiwango cha giza, yaani kile fotodayodi inachosoma pasipo mwanga, kabla ya kutafuta uwiano. Ukisahau, kila cheche dhaifu itaonekana iko katikati ya faiba. Cheche kali inayozidi uwezo wa amplifaya (kikuza ishara) ya ncha ya karibu nayo husogeza jibu katikati vilevile. Kwa hiyo majibu yakirundikana katikati, kagua kifaa chako kabla hujafungua paneli yoyote.

Kuhusu kengele za uongo: cheche ya shaba hung'aa sana kwenye nanomita 324.7 na 327.4, mahali ambapo tochi nyeupe ya LED haitoi karibu chochote. Chagua rangi inayofyonza chini ya nanomita 420. Kichujio mbele ya fotodayodi hakisaidii, kwa sababu fotodayodi inaona mwanga uliozalishwa upya na faiba, haioni ule wa awali. Jua kupitia mlango uliofunguliwa bado litakusumbua, hivyo usikubali tukio lolote ambalo mkondo wa sakiti haukutikisika ndani ya milisekunde hizohizo.

Faiba haioni ndani ya konekta, ndani ya fungu nene la nyaya, wala chini ya mrija wa kinga unaofunika nyaya. Ipitishe kwenye paneli za umeme, kwenye temino na kebo kubwa za jenereta, iwe na njia wazi ya kuona. Faiba ya plastiki ya kawaida huanza kuharibika ikivuka takriban nyuzijoto 80, hivyo iweke mbali na mabomba ya hewa moto.

Ukishapata mahali, zima umeme, fungia breka na uiwekee lebo, kisha kagua kwa kioo na lenzi angalau sentimita 30 kila upande wa jibu. Tafuta masizi, ganda lililopauka, shanga ndogo za shaba iliyoyeyuka. Kama ganda la waya ni la polimaidi, kama Kapton, usirudishe umeme "kujaribu tu": likiungua hugeuka kaboni inayopitisha umeme, na cheche itaanza upya ikitambaa kwenye nyaya za jirani. Kata sehemu yote iliyoungua, pamoja na nyaya jirani zilizopakwa masizi, ndipo upime kama kihami (ganda linalozuia umeme kuvuja) kiko sawa.