Mashine Inalia, Ng'ombe Wanapita: Maswali Yenu Kuhusu Ua wa Stima

Nimefunga ua wa stima, mashine inalia tik-tik vizuri, lakini ng'ombe wanauegemea kama kamba ya nguo. Nimeuziwa mashine mbovu? (Mfugaji, Rumuruti)

Kabla hujairudisha dukani, niambie umezika vyuma vingapi vya ardhi. Naona kwako ni kimoja, kipande cha nondo cha futi mbili kando ya banda. Umeme ukitoka kwenye waya hupita mwilini mwa ng'ombe, ukashuka kwato hadi udongoni, kisha lazima urudi mashineni kupitia chuma hicho. Njia ya kurudi ikiwa mbovu, ng'ombe hasikii kitu.

Zika vyuma vitatu vyenye zinki, kila kimoja karibu mita mbili kwenda chini, vikiachana mita tatu, penye unyevu: pale tangi linapomwagikia panafaa sana. Kisha ujaribu. Nenda mita mia moja hivi kutoka mashineni, egemeza fito za chuma kwenye waya hadi volti zishuke chini ya 2,000, urudi upime chuma cha mwisho. Kikisoma zaidi ya volti 300, ongeza kingine. Na kwa kuwa kiangazi cha kwenu nakijua, vuta waya mmoja wa moto (wenye umeme) na mmoja wa ardhi (uliofungwa kwenye vile vyuma), kwa kupokezana. Mnyama akigusa zote mbili atapigwa hata udongo ukiwa vumbi tupu.

Jirani ananishauri niunganishe waya na stima ya nyumba. Ni sawa? (Njoro)

Usithubutu! Mashine hutoa maelfu ya volti, lakini kwa mpigo mfupi mno, takriban mmoja kila sekunde, na katikati mnyama hupata nafasi ya kuruka nyuma. Stima ya nyumba ya volti 240 haitoi nafasi hiyo; itaua ndama, au mtoto wa huyo huyo jirani.

Mbuzi wanahitaji nyaya ngapi? Naweza kutumia seng'enge niliyo nayo? (Kajiado)

Ng'ombe waliozoea hutosheka na waya mmoja usawa wa pua. Mbuzi ni mbuzi: weka nne au tano, wa chini kabisa sentimita 20 kutoka ardhini. Seng'enge usiitie umeme kamwe; mnyama akinaswa na miiba atapigwa bila kuweza kujinasua. Waanze kwenye kiua kidogo siku chache, waonje kwa pua. Mbuzi wa manyoya mengi akigusa kwa ubavu hajifunzi lolote.

Tangu mvua ianze volti zimeshuka kutoka 7,000 hadi 2,500. (Ol Kalou)

Fyeka nyasi chini ya waya. Halafu kagua nguzo: kama umefunga waya kwa vipande vya tairi, ving'oe. Mpira wa tairi una kaboni, unavujisha. Nunua vishikizo vya plastiki.

Ua huu utazuia ndovu? (Nanyuki)

Huu wa ng'ombe, hapana. Pembe za ndovu hazipitishi umeme, naye analijua hilo. Anakata waya kwa pembe na kuangusha nguzo kwa mguu. Ule ua unaozunguka msitu wa milima ya Aberdare, wa takriban kilomita 400, uliokamilika 2009, ni kazi ya aina nyingine kabisa. Wafikie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla hujanunua hata msumari.