Maganda ya balungi kubaki machungu na magumu

Dada yangu, umeuliza kwa nini maganda ya balungi uliyoyapika kwa sukari yalibaki machungu na magumu. Uchungu hupungua ukiyachemsha mara 3, kila mara ukimwaga maji na kutia mapya. Ugumu, ambao kwa maoni yangu ndio kosa kubwa zaidi, hutokana na kuyatia kwenye shira kabla hayajalainika, kwa kuwa sukari huzuia ganda lisiendelee kuiva. Pima sukari sawa na uzito wa maganda, uyapike kwa moto mdogo hadi yaangaze. Hapa Lamu hewa ya bahari ina unyevu mwingi, hivyo mimi huyaanika siku 2 juu ya wavu, nikiyafunika kwa kitambaa chepesi. Shira inayobaki usiimwage; huifaa chai ya rangi.