Chumba changu cha kupanga kilivyopendeza kwa chini ya laki mbili

Kosa langu la kwanza lilikuwa sofa. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Temeke, futi 10 kwa 12, na kichwani mwangu nyumba bila seti ya sofa haikuwa nyumba. Nikaichukua kwa kulipa kidogo kidogo. Ilipoingia, kitanda kilisukumwa hadi dirishani, mlango ukawa haufunguki wote, na kwa miezi minane nikalipia kitu kilichoninyima pa kupita. Siku nilipoiuza, nilikipenda chumba changu kabla sijanunua chochote kingine. Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, anza kwa kutoa.

Kisha tazama kuta. Ukuta wangu ulikuwa na unyevu chini, na ile chumvi nyeupe inayopukutika. Niliufunika kwa rangi ya mafuta. Masika ilipoingia rangi ikavimba na kubanduka, kwa sababu maji yanayopanda kutoka msingini hayakuwa na pa kutokea. Fundi rangi mmoja, mtu mzima, ndiye aliyenielekeza kwenye chokaa. Chokaa huacha ukuta upumue, na nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe zimepakwa hiyo hiyo. Kwangua rangi ya mafuta yote, maana chokaa haishiki juu yake. Subiri ukuta ukauke wakati wa kiangazi, ulowanishe kidogo kwa brashi, halafu paka mikono mitatu myembamba. Mkono wa kwanza utaonekana kama maji matupu. Usikate tamaa, weupe huja ukikauka. Linda macho na mikono, chokaa inaunguza. Na ongea na mwenye nyumba kwanza.

Pazia nilishonesha kwa kitenge. Yadi 6 ukizikata katikati zinatoa vipande viwili vya karibu mita 2.7, na hapo ndipo uzuri ulipo: fimbo usiifunge juu tu ya dirisha, ipandishe karibu na dari na pazia lishuke hadi sakafuni. Chumba kifupi kinainuka. Mwambie fundi cherehani aweke bitana nyeupe nyuma, la sivyo jua litakula rangi ndani ya mwaka mmoja.

Mito niliitoa kwenye doti moja ya kanga, nikaijaza vipande vya nguo ambavyo fundi huyo huyo alikuwa anavitupa. Kabla ya kukata, soma jina la kanga. Wageni watalisoma, na mama mkwe atalisoma kwa makini kuliko wote, kwa hiyo chagua maneno ya heri. Usiyapitishie mkasi katikati. Acha mto mmoja uwe mrefu ili sentensi ikae nzima. Wangu ndio mto ambao kila anayeingia anauinua.

Taa ni jambo dogo ambalo watu wengi wanalipita. Balbu nyingi madukani ni za mwanga mweupe mkali. Kwenye boksi utaona 6500K. Tafuta 2700K au 3000K, mwanga wa njano. Bei inakaribiana sana, lakini jioni ukuta wa chokaa unakuwa kama siagi.

Pale palipokuwa na sofa nimetandika mkeka wa ukindu uliotiwa rangi, na mito juu yake. Uanike mara moja kwa wiki wakati wa mvua, vinginevyo utaota ukungu upande wa chini.

Vyote hivi havikufika laki mbili, kwa sababu nilinunua kimoja kila nilipopata nafasi, kwa miezi mitatu. Kona ya karibu na mlango bado iko tupu. Naisubirisha rafu ya mbao, na kwa sasa mwanga wa asubuhi unaingia hapo vizuri.