Usiku wa Ijumaa au Ijumaa usiku?

Mhariri, salamu kutoka Amu, yaani mji wa Lamu. Swali lenu la wiki hii ni hili: msomaji anayekwenda ng'ambo huitafutaje tiketi yake, na huamuaje aondokee kiwanja gani na atue kipi? Mimi mwenyewe nimetoka nje ya nchi kwa ndege mara mbili tu. Lakini nina saiba, duka la intaneti, ya meza tatu hapa mtaa wa Langoni, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na tiketi za nusu ya mtaa huzaliwa kwenye printa yangu. Kuna wa Umra, kuna wa kazi za Ghuba, kuna wazee waendao kuwaona wajukuu Uingereza. Nimeona tiketi za kuchekesha na nimeona za kuliza, na moja ya kuliza niliipika mwenyewe. Nitaifikia.

Kosa ninaloliona kila wiki ni mtu kuanzia hesabu yake Nairobi. Anaandika Nairobi na Jeddah, bei inajitokeza, uso unang'aa. Humwuliza: na huko Nairobi utafika kwa mbawa gani? Sisi wa hapa hata kiwanja chetu kiko ng'ambo ya maji. Ndege hutua Manda nasi tuko kisiwa kingine, kwa hiyo hata aendaye Chicago huanza kwa kushuka gatini na kubishana na nahodha juu ya begi la pili. Kutoka Manda kwenda Nairobi ndege zipo, lakini Nairobi ina viwanja viwili, na hapo ndipo watu hupigwa chenga. Baadhi ya ndege zetu hutua Wilson, upande wa Lang'ata. Ndege za ng'ambo huondoka Jomo Kenyatta, Embakasi. Baina ya viwanja hivyo kuna foleni ya magari ambayo mtu wa Nairobi hahitaji kuelezwa, na mtu wa Amu, aliyezoea kupishana na punda, hata ukimweleza haamini. Barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022 imesaidia, ila jioni ya mvua mimi siiwekei rehani safari ya mtu. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokagua ni herufi tatu: WIL ni Wilson, NBO ni Jomo Kenyatta. Ikipatikana ya NBO kwa tofauti ya elfu mbili tatu, namwambia mteja alipe tu, maana teksi ingezila hizo na zaidi.

Mombasa watu wetu huisahau, sijui kwa nini. Kiwanja cha Moi kina ndege za Ethiopian za kwenda Addis Ababa, na tangu Januari 2024 flydubai nao huja kutoka Dubai. Ukishafika Addis Ababa au Dubai, pembe nyingi za dunia zimefunguka, nawe hukuiona Nairobi hata kwa dirisha. Njia ya kwendea ni boti mpaka Mokowe upande wa bara, basi la asubuhi, kisha Witu, Garsen, Malindi, Kilifi, Mtwapa, na vizuizi vya ukaguzi katikati. Lami imeipunguza adha. Zamani ulikuwa ukishuka unajihesabu mifupa. Hata hivyo ni siku nzima, na kiwanja chenyewe kiko bara ya upande wa pili, Changamwe, yaani ukiingilia daraja la Nyali huna budi kukikata kisiwa cha Mombasa ndipo ukifikie. Mimi humwambia mtu alale Mombasa kwa jamaa. Nani katika sisi hana shangazi Mombasa? Kitanda cha shangazi hakimo kwenye hesabu za Google Flights, ile tovuti ya kutafutia ndege, lakini mimi hukitia.

Jirani zetu wa Malindi wana afueni. Kiwanja kiko mjini, na kwenda Mombasa ni kama kilomita 120. Ila nao wana kichekesho chao: pale Ngomeni, kaskazini kidogo ya mji, Waitaliano waliirusha angani setilaiti ya Kimarekani iliyopewa jina la Uhuru mwaka 1970, na mpaka leo ndege kubwa ya kutoka Milan haiwezi kutua Malindi kwa ufupi wa njia ya kurukia. Watalii wa Kiitaliano hushukia Mombasa na kupakiwa basi kama sisi.

Haya, kutafuta kwenyewe. Mimi hutumia Google Flights, na Skyscanner kwa kuhakikisha. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba pale pa kuandika mahali pa kuondokea, Google Flights hukubali viwanja zaidi ya kimoja kwa mpigo. Naandika LAU ambayo ni Lamu, MYD ambayo ni Malindi, MBA na NBO, vyote pamoja, halafu namwachia atafute. Mwishilio vilevile: ukiandika LON atakuletea viwanja vyote vya London. Kisha nafungua kalenda ya bei, ile inayoonyesha mwezi mzima, na hapo ndipo mjadala huanza, kwa sababu mteja amekwisha kumwambia mwanawe atafika Jumamosi, na Jumanne ni rahisi kwa maelfu. Ramadhani na likizo ya Disemba usinitume miujiza. Na kuna vijana huniambia nifungue kivinjari cha siri ili kampuni wasijue natafuta na kupandisha bei. Huwa nawafungulia, waridhike. Sijawahi kuona bei ikishuka kwa hilo. Bei hupanda kwa sababu viti vya bei ya chini huwekwa vichache, na vikiisha vimeisha.

Nikishaipata ndege, naiacha ile tovuti ya kutafutia na kwenda kununua kwa kampuni yenyewe ya ndege. Tofauti ikiwa ndogo, siyumbi. Ukinunua kwa wakala wa mtandaoni usiyemjua, siku saa za ndege zitakapobadilishwa kampuni itakutupa kwa wakala, naye wakala ni namba ya simu inayopiga muziki. Wakala wa hapa mjini ni habari nyingine. Yule unajua anaposwali.

Na kabla ya kubonyeza popote naomba pasipoti. Sitaki kuambiwa jina, nataka kulisoma. Hapa kwetu mtu ni Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye cheti cha kuzaliwa, Athman kwa babake na Othman kwa karani. Tiketi haijui utani huo. Jina lifuate pasipoti, herufi kwa herufi. Naangalia pia kama pasipoti ina miezi 6 mbele yake, maana nchi nyingi hazitaki pungufu.

Kubwa kuliko yote haya, kwangu mimi, ni tiketi kuwa moja. Ukinunua safari nzima kwa tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikakuacha, ni juu yao kukutafutia nyingine, na begi lako kwa kawaida hupokelewa mwishoni mwa safari. Ukiunganisha mwenyewe, tiketi hii huku na ile kule, ya pili haiijui ya kwanza. Kijana mmoja wa hapa alijinunulia Manda mpaka Nairobi peke yake, na Nairobi mpaka Dubai peke yake, akaacha saa mbili katikati. Akajisifu kwamba ameokoa shilingi 9,000. Siku ya safari mvua ikapiga, ndege ndogo ikachelewa Manda, na alipofika Nairobi ile ya Dubai ilikuwa imekwisha kufunga milango. Hakuna aliyemkosea. Alinunua tiketi nyingine kwa bei ya siku hiyo, na sitaiandika hapa kwa sababu mkewe husoma gazeti hili. Mteja akilazimika kununua mbili, namwambia afike Nairobi siku moja kabla.

Tena mizigo. Ndege ndogo za kuja kwetu nyingine hukubali kilo 15 tu, na hupendelea begi laini lisilo na mbavu, ilhali ndege kubwa ya mbele hukuruhusu 23 au zaidi. Mtu anafunga kwa kipimo cha ile kubwa, anakwama kwa ile ndogo, anaanza kupunguza halua mbele za watu. Achari ya maembe usiitie kwenye begi la mkononi. Machoni mwa wakaguzi ile ni maji, na maji ni mililita 100 mwisho.

Upande wa kushukia nao una yake. Mama mmoja alikuwa akienda kwa bintiye Leicester, na mkwe akamwambia anunue London kwa kuwa ndiko rahisi. Tukakaa na ramani. Heathrow mpaka Leicester ni safari ndefu ya basi kwa mtu mzima asiyejua Kiingereza. Birmingham iko karibu zaidi, na Emirates huenda huko kutoka Dubai. Ilizidi kidogo tu. Alitoka mlangoni mwa kiwanja akamkuta bintiye amesimama. Mwingine alinijia na tiketi ya rahisi ya kupitia Istanbul aliyoinunua mwenyewe usiku, kumbe anatua kiwanja kimoja na kuondokea kingine: Istanbul upande wa Ulaya, Sabiha Gökçen upande wa Asia, na bahari katikati. Nikamwambia ni kama utue Manda uambiwe ndege yako iko Mokowe, ila boti ni viza. Ukibadilisha kiwanja, unaingia nchini mwa watu, na pasipoti yetu si ya kuingilia kila mahali bila ruhusa. Uingereza kwa kawaida humtaka Mkenya awe na viza hata akiwa anapita tu ndani ya kiwanja kubadilisha ndege.

Kwa waendao Umra ndiyo huwa sichoki kuzungumza. Wengi hununua Jeddah kwenda na Jeddah kurudi kwa mazoea. Mimi hutafuta kwanza kuingilia Madina na kutokea Jeddah. Mtu anazuru kwanza akiwa amepumzika, ihramu, vazi la ibada hiyo, anaivaa kwa utulivu Madina kabla ya kuondoka kwenda Makka, na garimoshi la Haramain, lililoanza mwaka 2018, linamshusha Makka bila kupanda basi la usiku. Hana haja ya kurudi nyuma tena kilomita mia nne na ushei. Aendaye moja kwa moja Jeddah kwa nia ya Umra inambidi awe ameshahirimia kabla ndege haijavuka mikati, yaani mpaka ambao mwenye nia ya Umra hauvuki bila ihramu, na nimesimuliwa na wazee vipi ilivyo kubadili nguo ndani ya choo cha ndege, mikono miwili na ukuta mmoja.

Sasa ile niliyoipika. Bibi mmoja wa mtaa wetu, ambaye kwa heshima nitamwita bi mkubwa tu, alikuwa akienda Umra na mjukuu wake. Tiketi ilisema Ijumaa, 00:45. Alikuja jioni ya Jumatano kuichukua. Nikamsomea: Ijumaa, saa saba kasorobo usiku. Akaniuliza, "Usiku wa Ijumaa, mwanangu, au usiku wa Jumamosi?" Nikacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesoma, nikamwambia, "Ijumaa usiku, bibi." Akasema, "Usiku wa Ijumaa ni kesho, Alhamisi likishatua jua." Nikamfahamisha, kwa adabu, kwamba hayo ni mahesabu ya zamani, ya siku kuanza magharibi, tiketi haifuati mwezi wala magharibi. Mjukuu naye akaniunga mkono.

Waliruka Manda Ijumaa mchana. Baada ya isha wako Jomo Kenyatta na masanduku yao, wanaambiwa ndege yao iliondoka tangu jana usiku. Dakika 45 baada ya saa sita ya usiku, tiketi ilikuwa imekwisha kuingia Ijumaa, na kwa hesabu ya bi mkubwa ilikuwa Ijumaa tangu magharibi. Alikuwa sawa yeye, kwa kalenda zote mbili. Mimi ndiye niliyeichanganya ya tatu. Walipata viti siku mbili baadaye kwa kulipa tofauti na faini, na nusu ya faini nililipa mimi. Hakuniomba.

Tangu hapo kila tiketi ya baada ya saa sita usiku naiandikia kwa kalamu nyekundu, juu kabisa, kwa mfano ya Ijumaa: ufike kiwanjani Alhamisi, baada ya isha. Siku na swala. Sijapata malalamiko.

Bi mkubwa alirudi salama. Alikuja jioni moja na tende, akaziweka juu ya printa, akakaa. Nje walikuwa wakitoka magharibi. Akaniuliza leo ni usiku wa siku gani. Ilikuwa Jumatatu.

"Usiku wa Jumanne, bibi," nikamwambia.