Mfundishe mchawi wako uhunzi kabla ya Fabricate

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, toleo la tano lile la 2014, deraya ya mabamba ina bei ya vipande 1,500 vya dhahabu. Ukitaka kuifua mwenyewe mkiwa mapumzikoni, kanuni zinakuhesabia kazi ya vipande 5 kwa siku. Hizo ni siku 300 mbele ya fuawe, na hakuna wenzako watakaokusubiri muda huo.

Ndiyo maana mchawi wangu alipofika ngazi ya 7 nilimchukulia Fabricate, uchawi wa kuunda vitu, bila kusita. Dakika 10 tu na malighafi imeshakuwa kitu kamili. Mwenzetu mmoja, askari wa mstari wa mbele, alikuwa bado anavaa deraya ya minyororo. Nikamwahidi mbele ya wote kwamba hatashuka tena pangoni nayo.

Mezani kwetu malighafi ni nusu ya bei, kwa hiyo tulichanga vipande 750, tukanunua chuma. Msimamizi wa mchezo akaniuliza taratibu, "Kaka, huyu mchawi wako amewahi kushika nyundo?"

Hajawahi. Na uchawi wenyewe unasema wazi: silaha, deraya, vioo na mapambo ya vito haviundiki nao kama huna ujuzi wa zana za ufundi huo. Sikuwa nimesoma mpaka mwisho. Rafiki yangu aliingia pangoni na minyororo ile ile, na mhusika wake akafia humo. Alikuwa amemlea mhusika yule karibu mwaka mzima, na mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo amua ufundi wa mhusika wako siku ile ile unayomwandika, kupitia usuli wake. Ukichelewa, kitabu cha 2014 kinadai siku 250 za kujifunza, kipande 1 kila siku. Kanuni za nyongeza za 2017 ni nafuu zaidi: wiki 10 za kazi, vipande 25 kwa wiki, na nyongeza yako ya akili inapunguza wiki hizo. Wangu ana +4, akamaliza kwa wiki 6. Mwombe msimamizi wako mtumie hizo.

Wiki zile sita ndizo nilizopenda kuliko vita vyote tulivyopigana. Kila alfajiri nilimwita Unseen Servant, mtumishi asiyeonekana, kwa njia ya tambiko, kwa hiyo sikupoteza nafasi ya uchawi, ambazo ni chache kwa siku. Kwa saa nzima koleo lilielea hewani likisogeza mkaa, ndoo ikaenda kisimani na kurudi. Nguvu zake ni 2 tu, kwa hiyo msimamizi alikataa asishike nyundo, na nakubaliana naye. Siku ngozi ya mvukuto ilipochanika, Mending, uchawi wa kuunganisha kilichoharibika, iliiziba kwa dakika moja, kwa kuwa mpasuko haukuzidi futi 1. Mzee mhunzi aliyekuwa akinifundisha akapapasa pale palipochanika, akitafuta mshono.

Jambo moja tu nakusihi: usigeuze Fabricate kiwanda cha kuuza sokoni. Dhahabu itajaa, na hakuna atakayeona tena sababu ya kwenda safari.

Wiki ya saba niliunda deraya. Rafiki yangu alikuja na mhusika mpya, dada wa yule aliyekufa. Nilichonga jina la kaka yake kwa ndani, upande wa moyo, kwa patasi na mkono wangu.