Barua kwa mwanangu: miguu na macho kwanza

Malindi

Mwanangu,

Salamu zako zimefika na sote hapa hatujambo, alhamdulillahi. Umeuliza: kwa kuwa umeshapata leseni ya malori makubwa huko Marekani, umkubalie yule tajiri anayetaka uanze moja kwa moja kubeba magari, au uvute kwanza trela la boksi, lile lililofungwa pande zote, mwaka mmoja? Nitafika huko. Lakini ile picha uliyopigwa uwanjani kwake nimeikuza kwenye simu. Umesimama deki ya juu ya lori la magari, raba zimelika soli, mgongo umeupa upande wa nje. Nianze na hilo.

Kazi ya kubeba magari ni ya miguu na macho kwanza, usukani baadaye. Maneno haya umeyasikia nyumbani tangu ukiwa mdogo, na leo nayarudia kwa sababu sasa yanakuhusu.

Mkono wa kushoto wa ami yako unaujua. Nyinyi watoto mliambiwa alianguka kazini, basi. Ilikuwa Voi, asubuhi ya manyunyu, yuko deki ya juu anakaza mnyororo kwa nondo. Meno ya kikazio yalikuwa yamechakaa. Alipoilalia nondo kwa uzito wake wote, meno yakaachia, na nyuma yake hapakuwa na kitu cha kumzuia. Tajiri alipopigiwa simu, neno lake la kwanza lilikuwa: gari limeguswa? Miaka yote hii, nikilikumbuka swali lile chakula hakipiti.

Kwa hiyo nisikilize. Kila kinachoweza kukazwa ukiwa chini ardhini, kikaze ukiwa chini. Ukilazimika kupanda, elekeza uso ndani ya lori, mkono mmoja ushike chuma, usiweke kichwa juu ya nondo wala usiilalie kwa kifua. Kushuka, shuka kwa ngazi, usiruke. Viatu viwe vya soli yenye meno, na ukiona mafuta kwenye deki yafute kabla ya kufanya jingine lolote. Mafuta ya haidroliki yakivuja, usitafute tundu kwa kidole: yanatoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi, na aliyetobolewa ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama alama ni ndogo kama ya sindano. Deki ikishafika mahali pake, tia pini. Usiiache ining'inie kwa mafuta peke yake, maana mpira wa mafuta ukipasuka deki inashuka na chochote kilicho chini yake.

Sasa kufunga. Sheria ya huko inataka kila gari dogo lifungwe kwa vifungo visivyopungua viwili, lisiende mbele, nyuma, pembeni wala juu. Mimi nataka vinne, kila tairi na mkanda wake. Mkanda wa tairi ni bora kuliko mnyororo wa chesisi kwa sababu hii: gari likipita shimo linachezea springi zake, lakini tairi linabaki pale pale, kwa hiyo mkanda haulegei. Ukifunga chesisi bila kuivuta chini vya kutosha, springi zikibonyea kulabu inalegea kwa sekunde moja, na sekunde hiyo inatosha ichomoke. Pitisha kidole kando ya mkanda wote kabla ya kuufunga. Ukikuta uzi umekatika au ukingo umechanika, utupe. Hakikisha haugusi mpira wa breki wala bodi. Kisha simama ukague ndani ya maili 50 za kwanza, na baada ya hapo kila maili 150 au saa 3, lolote litangulie. Mikanda hulegea kidogo ikishatikiswa na safari, ndiyo maana ile kagua ya mwanzo haisamehewi.

Urefu kwenda juu, majimbo mengi ni futi 13 na inchi 6. Pima kwa fimbo baada ya kupakia, sehemu iliyo juu kuliko zote, pamoja na antena na reli za paani. Ukishusha gari moja njiani na kusogeza deki, pima tena, kwa sababu umbo la mzigo limebadilika. Uzito ni ratili 80,000 lori na mzigo, na jozi ya ekseli isizidi 34,000. Mazito yakae chini. Magari ya umeme yasikudanganye kwa udogo wake, betri ni mzigo peke yake.

Macho nayo ni kwa ajili ya karatasi. Gari likiwa bado chini, lizunguke: pembe nne, paa, vioo, rimu, kisha picha ya dashibodi ionyeshe maili. Kila mkwaruzo uandike kwenye hati ya mzigo mbele ya anayekukabidhi. Likiwa na vumbi au limelowa umande, andika hivyo, maana vumbi na maji huficha mikwaruzo, halafu likishaoshwa kule linakofikia unaulizwa wewe. Vua pete na saa, na mshipi wa chuma uache nyumbani. Kwenye deki mlango haufunguki wote, utatoka kwa kujibana, na chuma cha kiunoni kitachora rangi ya mtu.

Nirudi kwenye swali lako. Mwaka mmoja wa trela la boksi utakufundisha kurudi nyuma, kona na mizani, na utayajua yote hayo bila gari la mtu kuning'inia juu ya kichwa chako. Tena bima nyingi huko hutaka uzoefu kabla ya kukukubali na mzigo wa magari. Hilo ni kweli. Lakini pia wa boksi huzoea kufungiwa mlango na kuondoka, mzigo hauoni wala haugusi, na mkono uliozoea kukaa tu ni vigumu kuuamsha. Nimeona madereva wa miaka mingi wakishindwa na mkanda mmoja. Kisha najiambia: kijana mgeni wa usukani na mgeni wa mikanda kwa pamoja, atatazama wapi?

Mama'ko amesoma hapa akanikanya nisikuamulie, wewe ni mtu mzima. Basi muulize tajiri mambo haya, ajibu kwa maandishi. Utapakia na mwenye kujua pembeni yako kwa wiki ngapi kabla hujaachwa peke yako? Gari likipata mkwaruzo, ile sehemu ya kwanza ambayo bima hailipi, inatoka kwake au kwenye mshahara wako? Mikanda mibovu inabadilishwa na nani, na lini? Na ukisema mvua ni kubwa hupandi deki ya juu, atasemaje?

Niletee majibu yake kama yalivyo. Akisema utafundishwa siku mbili tu, mimi nina neno langu tayari, ila nimemuahidi mama'ko nisiliandike mpaka uniulize.

Baba yako